Mtoto Niliyemwita Mama

Kitengela, usiku wa kuamkia safari yako

Nyambura,

Najua umeshashangaa. Tangu uzaliwe sijawahi kukuita jina hilo nikiwa na akili zangu timamu. Ni Maitu, mama yangu, asubuhi, Maitu jioni, Maitu niletee uzi mweusi. Hata kadi ya Krismasi niliyokutumia ukiwa shule ya bweni niliiandika "Kwa mama yangu, kutoka kwa mtoto wako," na ukaniambia baadaye kwamba wenzako walikucheka hadi shule ikafungwa. Leo nimeandika Nyambura. Nimelitazama jina hilo kwenye karatasi kwa muda, nikaona linakutosha vizuri, halibani wala halipwayi.

Mama yako ndiye aliyenisukuma nikae chini niandike. Nilimuuliza nianze vipi. Akaniambia, "Mwandikie kama mtoto wako. Usimwandikie mama mkwe wangu. Huyo alishajiendea, na kusema kweli mimi sina la kumwongezea." Kisha akaingia kulala akicheka peke yake. Unamjua.

Sitakuandikia habari ya maji ya huko Namanga unakokwenda, wala vumbi lake, wala wale vijana wa kubadilisha pesa wanaomvamia mtu kabla hajakanyaga chini. Mama yako amekuambia hayo mara nyingi hadi kuku wetu wanayajua. Mimi niko na jambo moja tu. Unaondoka kesho ukiamini kwamba nimekunyang'anya duka nikampa mdogo wako Wairimu kwa sababu wewe ulishindwa. Hujalisema, lakini nimekuona ukifunga sanduku. Sitaki ufike hata Isinya ukiwa umebeba neno hilo, kwa hivyo nisomee mpaka mwisho, hata ukikasirika katikati.

Inabidi nianze na Cucu, bibi yako, mama yangu mimi, kwa sababu mambo yote haya ni yake, yakiwemo makosa yangu.

Unamkumbuka kidogo, ulikuwa mdogo alipofariki. Unakumbuka mzee mwenye peremende kwenye mfuko wa aproni. Mimi namkumbuka mtu mwingine kabisa. Baba yangu alipokuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha saruji Athi River, Cucu alinunua cherehani ya mkono akaja kukaa nayo hapa Kitengela, kwenye veranda ya duka la mtu, wakati mji huu ulikuwa maduka machache ya mabati na mbuzi wengi. Alishona yunifomu za shule. Wamasai walimletea kitambaa cha kaki wakiwa wamekifunga kwenye shuka, Wakamba waliotoka upande wa Machakos, wafanyakazi wa kiwandani kutoka magharibi, kila mtu. Hakujua kusoma, lakini akikutazama mara moja alijua kiuno chako.

Alinifundisha kazi kwa neno moja: fumua. Nilikuwa nikimpelekea kaptula, anaigeuza nje ndani, anapitisha kidole kwenye mshono, halafu ananirudishia bila hata kuniangalia. "Fumua." Mbele ya wateja. Mbele ya wasichana niliotaka waone kwamba mimi ni fundi. Kuna kola moja niliifumua mpaka kitambaa kikaanza kutoboka, na akaniambia nikate kingine kutoka kwa mshahara wangu, mshahara ambao hata hakuwa ananilipa. Nililia, Nyambura. Nilikuwa na ndevu tayari, na nikalia nyuma ya duka nikijifanya nimeingiwa na vumbi. Siku moja nilimpelekea sketi ya marinda, akaigeuza, akapitisha kidole, akaiweka kwenye rafu ya nguo zilizokamilika. Nilienda nyumbani kwao nikamwambia mama yako, ambaye wakati huo tulikuwa hatujaoana bado, kwamba sasa anaweza kuolewa na mimi.

Ulikuwa unajifunza kusimama Cucu aliponiachia duka. Ilikuwa Jumatatu. Alikuja asubuhi kama kawaida, akaniwekea mkasi wake mkubwa mezani, akachukua kigoda chake, akakitoa nje. Akakiweka ukutani, akaketi akiangalia barabara, mgongo ukielekea mlango. Akakuchukua wewe akakupakata. Basi. Hakukuwa na sherehe wala maombi, ingawa watu wa kanisa walimlaumu baadaye kwamba hakuwaita.

Wateja waliendelea kumwendea yeye. Mtu anapita mlango wangu wazi, anamwinamia Cucu pale nje, "Mama, hii suruali itakuwa tayari lini?" Na yeye kila mara anajibu vile vile, "Muulize mwenye duka. Mimi naota jua tu." Ungeona nyuso zao. Na wengine walikutazama wewe pale magotini kwake wakacheka: "Nyambura wawili! Huyu mdogo ndiye mwenye duka wa kesho." Unajua alisema nini? Nilimsikia kwa masikio yangu. Alisema, "Huyu ni mtoto. Hata kutembea hajui. Mwacheni."

Nilisikia lakini sikusikiliza. Hilo ni kosa langu la kwanza, na mengine yote yametoka humo.

Mwezi wa kwanza nikiwa mwenye duka, nilipata oda ya shule nzima. Nilikuwa na haraka ya kuonyesha kwamba naweza. Nikakata kaki ikiwa kavu. Wewe mwenyewe unajua kaki lazima iloweshwe kwanza, ianikwe, ndipo ikatwe, kwa sababu hupungua. Cucu alinifundisha hivyo tangu siku ya kwanza. Nilikata marobota mawili bila kulowesha, na yeye alikuwa ameketi pale nje, aliingia mara moja kuchukua maji ya kunywa, akapita karibu na meza, akaona. Akanywa maji, akatoka. Baada ya nguo kufuliwa mara ya kwanza, watoto wa shule nzima walikuwa wanatembea mapaja nje kama timu ya mpira. Mwalimu mkuu alikuja kunitukana kwa lugha ambayo sikujua walimu wanaijua.

Nilimwendea Cucu nikiwa nimewaka. Nikamwambia, "Si uliona? Kwa nini hukuniambia?"

Akanijibu bila kugeuka, macho bado barabarani. "Nilishamaliza kukufumulia. Sasa fumua mwenyewe."

Niliona ukatili. Kwa miaka mingi nilisema moyoni kwamba mama yangu alinitupa siku hiyo. Ndiyo maana niliapa kwamba mtoto wangu nitakayemwachia duka hatawahi kuachwa akwame hivyo, na hatawahi kusikia neno hilo. Unaona jinsi mtu anavyoweza kuapa ujinga akiwa na nia safi.

Halafu akafa. Na wewe ulikuwa na jina lake, na ulikuwa na lile paji lake la uso, na ulikuwa ukitembea umeshika mikono nyuma kama yeye. Unajua desturi yetu: binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na baba humwita "mama yangu", na hilo ni jambo tamu, kila mtu hulifanya. Lakini wengine hulifanya kwa mdomo. Mimi nililiingiza tumboni. Nilikuwa namlilia, Nyambura. Kila nilipokuita Maitu nilikuwa naitika msiba wangu mwenyewe, na wewe ulikuwa unakuja ukikimbia, ukidhani ni wewe unayeitwa.

Ulipomaliza kidato cha nne ukaja dukani, nilifurahi kupita kiasi. Sikukuuliza kama unataka. Nani angekuuliza? Bango la nje lilikuwa na jina lako. Wateja walikuwa wanakuita mwenye duka tangu ukiwa unanyonya. Mimi mwenyewe niliona kama Cucu amerudi kutoka safari. Nikakupa cherehani iliyo karibu na dirisha, ile yake.

Ukanishonea sketi ya kwanza. Naikumbuka, ya buluu, ya ile shule ya mbele ya Isinya. Marinda yalikuwa yameanza mapana upande wa kulia na yakamalizikia membamba kushoto. Ukaniletea ukiwa umesimama wima, mikono nyuma. Ukaningojea. Nikaigeuza, nikapitisha kidole, nikafungua mdomo.

Ulimi ulikataa. Neno lenyewe nililijua, nilikuwa nimelisikia maelfu ya mara. Lakini kwako ningekuwa namwambia mama yangu afumue. Nikasema, "Asante, Maitu. Nzuri sana." Uso wako ukang'aa. Nikaona ni vizuri, basi nikaendelea.

Ulikuwa ukienda shuleni kupima watoto, Isinya, Kajiado, hadi kule karibu na Kona Baridi, na mimi nilikuwa natoa wembe. Nilifumua kazi yako yote nikaishona upya. Ukirudi jioni unakuta nguo zimekunjwa, zimepigwa pasi, unasema, "Ai baba, kumbe zimetoka poa hivi?" Nami nasema, "Mkono wako, Maitu." Wairimu alikuwa ameanza kuja dukani baada ya shule. Alinikamata wiki ya pili tu. Nikamwambia anyamaze, na nikampa upande wa pili wa mshono ashike.

Wairimu naye nilimfundisha vipi? Unajua vizuri, ulikuwa unasikia. Yeye ana jina la mama ya mama yako, na mama mkwe wangu ni mtu mwema lakini simwogopi. Kwa hivyo Wairimu alipata "fumua" zote ambazo wewe hukupata. Zake na zako. Mara nyingine nilikuwa na hasira na mshono wako, nikamfokea yeye.

Halafu ukaja ule mwaka masomo ya msingi yalipofanywa ya bure. Unakumbuka. Watoto walitoka kila mahali, wengine wakubwa wenye sauti nene, na wote wanataka kaptula. Na oda nyingi zilikuja kwa sababu yako. Nataka uisome sentensi hiyo tena. Zilikuja kwa sababu yako. Mimi wazazi wa Kajiado wananijua kama fundi. Wewe walikuwa wanakungojea. Niliwahi kukufuata siku moja nikakukuta umeketi chini na akina mama wa Kimasai chini ya ukuta wa shule, takwenya, iko, takwenya, iko, mnasalimiana hadi nikachoka mimi niliyesimama. Mama Lekishon alikuwa amekataa katakata kununua yunifomu mpya, ati mtoto atavaa ya kaka yake. Ulimwambia kitu kwa Kimaa, akacheka hadi akajifuta macho, akakupa mkono kukubali. Nilikuuliza ulimwambia nini, ukasema, "Nimemwambia hiyo kaptula ya kaka yake imezeeka hadi inahitaji kutahiriwa." Sikuwahi kumwambia mtu yeyote mzaha kama huo maishani mwangu, na ndiyo maana sikuwa na oda ya Kajiado.

Lakini oda zilikuwa nyingi na wembe wangu ni mmoja. Sikupata nafasi ya kufumua. Nguo za Kajiado zilienda kama zilivyotoka kwenye cherehani yako. Zikarudi kwenye gunia, na mwalimu akalimwaga mezani. "Mzee, hizi nguo zimefunguka zenyewe watoto wakiwa wameketi darasani. Wasichana wamelia."

Uliniangalia. Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, nafasi iliyo wazi kabisa. Nikasema kitambaa kilikuwa kibovu.

Ukaniamini, kwa nini usiamini. Asubuhi iliyofuata ulienda Nairobi, kwa yule mzee wa vitambaa aliyetuuzia tangu enzi za Cucu, ukasimama katikati ya duka lake ukamgombeza kwa ajili yangu. Ulirudi ukaniambia ulivyomwambia. Ulikuwa umesimama wima, na nilikuwa najivunia na kuona aibu kwa wakati mmoja. Tangu siku hiyo hakututumia kitambaa tena. Wewe ulidhani amekasirika kwa sababu alikuwa mkosaji.

Nilimwendea mwezi uliopita. Hukujua hilo. Nilimwambia kila kitu. Mzee yule alinisikiliza akiwa anapima kitambaa cha mtu mwingine, akamaliza, akakunja. Kisha akaniambia, "Nilijua ni mshono. Binti aliniletea kipande, nikakishika tu, nikajua. Lakini hapo kulikuwa na wateja. Na kumwambia haikuwa kazi yangu, ni kazi ya baba yake." Nilitoka pale nikatembea hadi nikapitiliza kituo.

Na ile siku uliyotukuta. Mkutano wa wazazi uliahirishwa, ukarudi mapema. Ulisimama mlangoni. Mimi nina wembe, Wairimu anashika upande wa pili, na katikati yetu ni sketi zako. Ulitazama rafu, ukatazama meza, nikaona unahesabu nyuma, mwezi kwa mwezi. Ungepiga kelele ningeshukuru. Ulisema tu, "Kumbe tuko watatu hapa, na ni mimi tu sijui." Ukaweka tepu ya kupimia mezani. Hujaigusa tena kwa kazi ya duka tangu siku hiyo.

Kuna jambo lililofuata ambalo hukuliona, kwa sababu ulikuwa umeshatoka. Wairimu aliachilia sketi akaanza kulia. Nilidhani anakulilia wewe. Akaniambia, "Baba, mimi unanikemea kila siku. Huyo unamwambia asante Maitu, asante Maitu. Mimi nilikuwa najua ni yeye unapenda. Sasa unalia nini?" Maana mimi pia nilikuwa nalia. Nyambura, nilikuwa na watoto wawili katika chumba kimoja, na kila mmoja alikuwa na hakika kwamba ninampenda yule mwingine. Fundi wa nguo zaidi ya miaka ishirini, na sikuona kwamba nimewakata ninyi wawili vibaya namna hiyo.

Nimekuwa nikijiuliza nilipokosea hasa. Najua sasa. Cucu alinifumulia wazi, mchana, mpaka nikajua. Halafu akaacha kweli. Akatoa kigoda nje. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma yako na wembe, na mdomoni nasema wewe ndiye mwenye duka. Nilikupa bango na kiti, nikakunyima hata siku moja ya kujua unachofanya. Si kwamba hukuweza. Hukufundishwa, na aliyepaswa kukufundisha alikuwa anakuamkia kama mama yake.

Sasa habari ya duka, niiseme bila kuzunguka. Nimempa Wairimu. Si adhabu yako na si zawadi yake. Yeye anataka. Jana nilimuuliza, kwa mara ya kwanza katika ukoo huu mtu aliulizwa, naye akaniambia, "Mimi nikisikia cherehani asubuhi naskia vizuri." Nikakumbuka kwamba wewe ukisikia cherehani huwa unatafuta sababu ya kwenda shuleni kupima. Uso wako hung'aa ukiwa unatoka, si ukiwa unaingia. Nimeuona uso huo miaka mitatu na sikuusoma. Bango nilitaka kulibadilisha, lakini Wairimu amekataa. "Liache. Hilo jina ni la Cucu, halijawahi kuwa la huyu." Ukitaka kugombana, gombana naye, mimi nimechoka.

Na mimi nitatoa kigoda nje. Nimeshachagua mahali, pale pale ukutani. Naogopa sana. Mkono wangu umezoea wembe, na Wairimu atakata kaki kavu siku moja, nina hakika, kwa sababu ana haraka kama yangu. Niombee nibaki nimeangalia barabara.

Yule mama wa Namanga unayekwenda kumfanyia kazi, mwenye ofisi ya kupitisha mizigo mpakani, sijui kama alikuambia alivyokuja kwangu. Alikuwa amekuja kuagiza makoti ya wafanyakazi wake, akakusikia ukiongea na wale wanawake wa shanga kwa Kimaa, halafu ukageukia dereva Mtanzania ukamtania hadi akasahau hasira zake. Aliniambia, "Huyu binti unamfanyia nini kwenye cherehani?" Nilikasirika. Nilimwambia huyu ni mwenye duka. Sasa naona ndiye mtu wa kwanza aliyekutazama wewe bila kumuona mtu mwingine nyuma yako.

Utakosea huko. Makaratasi yatakuchanganya, utatuma lori kwenye mstari usio wake. Namwomba Mungu huyo mama awe na mdomo mkali. Akikusifia kila kitu mwezi mzima, mwendee umuulize kuna nini. Na siku utakayokuwa na mtu chini yako, na siku hiyo itakuja, mwambie kosa lake akiwa amesimama mbele yako, kabla halijatoka mlangoni. Atanuna. Mimi nilinuna, na angalia hadi leo bado namwita mama yangu kupitia kwa mtoto.

Mengine siyajui. Namanga si Ulaya, ni safari ya asubuhi moja, lakini nyumba imeshaanza kuwa kubwa. Mama yako amejifanya amelala. Nakupenda, Nyambura. Ningelisema kwa mdomo, lakini kwa mdomo ningesema Maitu, na ningeharibu.

Bado jambo moja.

Sketi yako ya safari, hiyo ya kijivu uliyojishonea wiki hii, umeitundika hapa nyuma ya mlango wa sebule. Niko mbele yake ninapoandika. Rangi umechagua vizuri. Kiuno kimekaa. Lakini pindo limeshuka upande wa kushoto, kama upana wa kidole, na ukitembea litaonekana. Umevuta uzi sana mahali ulipounganisha. Wembe uko mezani, uzi wa kijivu nimeuona kwenye kopo, na ni kazi ya muda wa kunywa chai. Nimeinuka mara mbili, na mara mbili nimeketi.

Sijaigusa. Asubuhi utaikuta kama ulivyoiacha.

Fumua, mwanangu. Au ivae hivyo hivyo uende.

Mimi ni baba yako,
Njuguna